Namna ya Kupunguza Ukubwa wa Picha Kabla ya Kuambatisha Kwenye Maombi ya Mtandaoni

Wananchi wa Manispaa ya Ilemela wanaoomba kazi kupitia Ajira Portal, au mikopo ya elimu ya juu kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo, hutakiwa kuambatisha nyaraka kwa njia ya mtandao. Faili likizidi ukubwa ulioelekezwa, mfumo hulikataa. Mwombaji anayebaini hilo saa za mwisho anaweza kupoteza nafasi, ilhali sifa anazo.

Vipimo na ukubwa wa faili

Vipimo vya picha huhesabiwa kwa pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda. Ukubwa wa faili hupimwa kwa kilobaiti (KB) au megabaiti (MB). MB 1 ni takribani KB 1,000. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina vinukta milioni 12. Upana na urefu vikipunguzwa kwa nusu, hubaki vinukta milioni 3, ambavyo ni robo tu.

Hatua za kufuata

1. Soma maelekezo ya mfumo kuhusu aina ya faili (JPEG, PNG au PDF) na kikomo cha ukubwa.

2. Hifadhi picha halisi; fanyia kazi nakala.

3. Kata kingo zisizohitajika, kama vile meza ilipowekwa cheti.

4. Punguza vipimo bila kubadili uwiano wa upana na urefu, ili sura au maandishi yasivutike.

5. Faili likiwa bado kubwa, punguza ubora wa JPEG kidogo kidogo, kila mara ukianza na picha halisi. JPEG hupoteza sehemu ya taarifa kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

6. Fungua faili na ulikuze. Jina, namba ya cheti na muhuri havina budi kusomeka.

Tahadhari

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumwe kama dokumenti. Epuka kupakia kitambulisho cha Taifa au vyeti kwenye tovuti usizozifahamu zinazotoa huduma ya kupunguza picha.

Kwa wanaohudumiwa kwenye steshenari, iwe Kirumba, Pasiansi au Buswelu, andika nywila mwenyewe, toka kwenye akaunti na uhakikishe mafaili yako yamefutwa kabla ya kuondoka.

Waombaji wanashauriwa kuandaa viambatisho siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi.