Mashua pacha za mbio: Urefu husaidia wapi?

KWA chombo cha kawaida kinachopasua maji, urefu ni kasi. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyejenga hodhi la kujaribia mifano ya meli mjini Torquay katika miaka ya 1870, ndiye aliyeonyesha sababu yake. Chombo kinapokwenda huinua wimbi kwenye omo na jingine tezini. Kasi ikiongezeka, wimbi la omo hurefuka hadi likalingana na chombo chenyewe, nacho kikawa kama kinachopanda kilima cha maji kisichokwisha. Mashua ya mita 4 hufika hapo kwa takriban kilomita 9 kwa saa. Ya mita 16, kilomita 18. Urefu wa mara nne, basi, huleta kasi ya mara mbili tu.

Katamarani, yaani chombo chenye miili miwili iliyounganishwa kwa juu, hukwepa kizuizi hicho kwa wembamba. Mwili ambao urefu wake ni mara 10 ya upana au zaidi huinua mawimbi madogo. Ndiyo maana vivuko vya kasi vya Dar es Salaam na Unguja huundwa hivyo. Kivuko Francisco cha mita 99, kilichoundwa Tasmania, Australia, kilipita kilomita 107 kwa saa katika majaribio ya mwaka 2013.

Ajabu ni kwamba mashua za mbio za Formula 1, zenye urefu wa mita 6 hivi, hupita kilomita 200 kwa saa. Hizi hazipasui maji, bali huteleza juu yake. Upepo unaoingia kwa nguvu katika uwazi ulio kati ya miili miwili huinua chombo, kikabaki kinagusa maji kwa sehemu ndogo ya tezi na rafadha tu. Hapo kila mita ya ziada ni uzito wa kubeba, na ikilowa, ni msuguano.

Mbona basi katamarani za daraja la Class 1 huwa na urefu wa mita 12 hadi 14? Jibu ni bahari. Formula 1 hushindaniwa katika maziwa, mito na bandari zilizokingwa. Class 1 hukabili mawimbi. Mashua fupi hutumbukia katika kila bonde la maji, ilhali ndefu hupita kutoka mgongo wa wimbi hadi mwingine bila omo kuyumba sana. Haiongezewi kasi na urefu wake, huwezeshwa kuidumisha.

Omo kutulia ni suala la uhai. Likiinuka kupita kiasi, upepo hulishika kwa chini, na nguvu yake huwa mara nne kasi inapokuwa mara mbili. Mashua hupinduka kinyumenyume. Urefu huchelewesha hatari hiyo lakini hauiondoi, kwa kuwa mashua ndefu ina uwazi mkubwa pia wa kushika upepo. Bingwa wa dunia Stefano Casiraghi alikufa karibu na Monaco tarehe 3 Oktoba 1990, katamarani yake ilipopinduka alipokuwa akitetea taji.

Sheria za usalama zilikazwa baadaye. Katika Class 1, wanamashua hukaa wamejifunga mikanda ndani ya chumba kilichofunikwa: mmoja hushika usukani, na mwenzake hudhibiti nguvu ya injini, akiipunguza kabla omo halijainuka.