Tenisi ya Wanawake Mmoja Mmoja, Michezo ya Afrika 2023

Shindano la tenisi la wanawake mmoja mmoja la Michezo ya Afrika ya 13 lilichezwa Accra, Ghana, Machi 2024. Michezo ilichelewa, mwaka 2023 ukabaki kwenye jina tu. Bingwa alikuwa Angella Okutoyi wa Kenya. Katika fainali alimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri kwa 6–4, 6–7, 6–4. Kuponyokwa na seti ya pili kwa taibreka, kisha kujikusanya na kuitwaa ya tatu, si jambo dogo mbele ya Mmisri: medali ya dhahabu ya 2019, nchini Morocco, ilikuwa imekwenda kwa Mayar Sherif, naye wa Misri.

Okutoyi alizaliwa mwaka 2004, yeye na pacha wake Roselida Asumwa. Mama yao alifariki walipozaliwa, wakalelewa na bibi yao Nairobi. Januari 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya wasichana katika Australian Open, na Julai mwaka huohuo akatwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na alikuwa bado mwanafunzi alipokwenda Accra.

Magazeti mengi yalishangilia tiketi ya Olimpiki ya Paris. Yaliharakisha kidogo. Bingwa wa Afrika alipewa nafasi hiyo kwa sharti: awe ndani ya 400 bora duniani orodha ya Juni 2024 itakapotoka. Hapo ndipo penye utata, kwani Michezo ya Afrika yenyewe haitoi pointi za WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, zinazopanga orodha hiyo. Pointi huokotwa katika mashindano ya kulipwa, wiki baada ya wiki, na kila safari ina nauli na hoteli yake; mechi za kawaida za chuo nazo hazihesabiwi. Mchezaji anaweza kuwa malkia wa bara zima na asipande hata ngazi moja.

Okutoyi hakufikia kiwango hicho, na Paris hakucheza. Sherif, bingwa wa 2019, alicheza Tokyo, akiwa mwanamke wa kwanza wa Misri katika tenisi ya Olimpiki.