Safu ya Lugha: Mutesheni
Mutesheni, neno lenye mzizi wa Kilatini *mutare*, kubadili, ni badiliko katika mpangilio wa jeni. Si kuchacha. Maziwa ya ngamia yanayowekwa Garissa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi hadi yawe suusac huwa yamechacha tu: bakteria wamegeuza sukari kuwa asidi. Mutesheni humpata bakteria mwenyewe, na maabara huichochea kwa kemikali au miale ya urujuanimno.

CJ18, bakteria wa jamii ya *Streptococcus infantarius* aliyepatikana katika suusac ya Kenya, ana jeni za asili za kufyonza laktosi, yaani sukari ya maziwa, zilizoharibika. Hiyo ni mutesheni. Jeni mbadala alizozipata kwa *Streptococcus thermophilus* ni za kuhamishiwa, na kuziita mutesheni ni kupotosha.