Guangzhou: Shule ya Udaktari Iliyozaliwa Wodini

Tarehe 4 Novemba 1835, jirani na maghala ya wafanyabiashara wa kigeni kando ya Mto Zhujiang mjini Guangzhou, daktari Mmarekani Peter Parker alifungua hospitali ya macho. Nyumba aliipanga kwa Howqua, tajiri mkubwa wa biashara ya chai. Mgonjwa aliyefika mlangoni alipewa kijiti cha mwanzi chenye namba, akakaa kungoja zamu yake. Alipoingia ndani, ugonjwa wake na tiba aliyopewa viliandikwa kitabuni. Mwaka wa kwanza ulipomalizika, wagonjwa zaidi ya 2,000 walikuwa wamepita mlango ule. Hata Lin Zexu, mjumbe wa mfalme aliyeteketeza kasumba ya Waingereza mwaka 1839, aliandikwa humo. Alikuwa na ngiri na alitaka mkanda wa kuizuia. Hakwenda mwenyewe, alituma watu. Lakini kitabuni aliingizwa kama wengine, mgonjwa namba 6565. Wakati huo hapakuwa na darasa wala maabara. Palikuwa na wagonjwa, mganga na daftari.

Nimeanza na daftari hilo kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linalosumbua vyuo vyetu vya tiba hadi leo: chuo kikue kwa kutanguliza nini, matibabu, mafunzo au utafiti? Mara nyingi mambo haya matatu huzungumzwa kama watoto wanaogombea sahani moja. Historia ya Guangzhou, ninavyoisoma, inaonyesha vingine. Taasisi ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen ilikua kwa mpangilio unaofahamika: mgonjwa alizaa mwanafunzi, na mgonjwa na mwanafunzi kwa pamoja wakazaa swali la utafiti. Kila ilipopiga hatua kubwa, hatua hiyo ilianzia kwenye ugonjwa uliokuwa ukiwatesa watu wa pale pale.

Mafunzo yalianza kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Parker alimchukua kijana Kwan Ato, mpwa wa mchoraji Lam Qua, akamfundisha kazi kando ya kitanda mpaka akawa mpasuaji hodari anayeaminiwa na wagonjwa. Mjomba wake naye aliwachora wagonjwa wenye uvimbe mkubwa shingoni, usoni na mikononi. Picha hizo zinatufanya leo tuone sura za watu ambao daftari liliwapa namba tu. Hospitali iliungua mwaka 1856, vita vilipounguza mtaa wa wageni. John Kerr aliifungua upya mwaka 1859 kwa jina la Boji, na mwaka 1866 likaanzishwa darasa rasmi la udaktari ndani yake. Miongoni mwa walimu alikuwa Wong Fun, Mchina aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1879 wanawake walikubaliwa darasani, na mwaka 1899 daktari Mary Fulton akaanzisha shule ya udaktari ya wanawake peke yao, ambayo baadaye iliitwa Hackett. Mwaka 1886 aliingia Boji kijana aitwaye Sun Yat-sen. Alisoma hapo mwaka mmoja kabla ya kuhamia Hong Kong, na jina lake ndilo chuo kinalobeba leo, kwa kuwa alikuja kuwa rais wa kwanza wa muda wa Jamhuri ya China.

Hapa yupo atakayepinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba hospitali hiyo ilikuwa mkono wa wageni: Parker alikuwa mhubiri, mwaka 1844 alisaidia kuandaa mkataba ulioipa Marekani manufaa nchini China, na picha za Lam Qua alizibeba ng'ambo kuwaonyesha wafadhili. Yote hayo ni kweli, na hatujui kama wagonjwa waliochorwa waliulizwa iwapo wangependa miili yao itazamwe na watu wa mbali. Lakini aliyeanzisha jambo si lazima abaki mwenye jambo. Mwaka 1908 Wachina wa Guangzhou walianzisha shule yao ya udaktari, Guanghua, kwa fedha zao na uongozi wao, kwa sababu hawakutaka elimu ya kutibu miili yao ikae mikononi mwa wengine. Mwaka uliofuata ikazaliwa Gongyi, iliyokuja kuwa kitivo cha tiba cha chuo kikuu cha umma cha Zhongshan. Mito hii ilikutana kati ya mwaka 1953 na 1954, shule za Zhongshan, Lingnan (iliyobeba urithi wa Boji) na Guanghua zilipounganishwa kuwa chuo kimoja. Mbegu ililetwa na mgeni. Waliopalilia na kuvuna ni wenyeji.

Utafiti nao haukuanzia kwenye majengo makubwa. Mwaka 1935 Chen Xintao, mtaalamu wa vimelea katika Chuo Kikuu cha Lingnan, alieleza mnyoo mwembamba aliyemkuta ndani ya mapafu ya panya wa Guangzhou. Vifaa vya kazi hiyo vilikuwa mtego wa panya, kisu na hadubini. Miaka kumi baadaye, kisiwani Taiwan, ilitangazwa kwamba mnyoo huyo ameonekana katika maji ya uti wa mgongo wa kijana mgonjwa. Ikafahamika kwamba anaweza kumwingia binadamu na kuleta homa ya uti wa mgongo, hasa kwa wanaokula konokono wabichi. Leo anajulikana dunia nzima kwa jina Angiostrongylus cantonensis, yaani wa Canton, jina la zamani la mji huo. Baada ya mwaka 1950 Chen aligeukia kichocho, maradhi ambayo msomaji wa Pemba au wa kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa. Kichocho cha China hushambulia ini na utumbo, wakati kile cha Unguja na Pemba hushambulia kibofu, lakini vyote viwili hupitia kwa konokono wa majini. Chen na wenzake waliingia katika mabonde ya Sanshui wakatafuta mahali konokono anapoishi. Dawa waliyoipendekeza ilihitaji majembe: kufukia mitaro ya zamani, kuchimba mipya, na kugeuza mabwawa yenye nyasi kuwa mashamba, ili konokono akose makazi. Mwaka 1985 jimbo la Guangdong, ulimo mji wa Guangzhou, lilitangazwa kuwa limetokomeza kichocho.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaohesabu fedha. Wanasema China ni nchi kubwa, serikali yake ina nguvu ya kuamuru na kugharimia, kwa hiyo mfano wake haufai kwa nchi yenye bajeti ndogo. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Chen peke yake asingeweza kufukia mitaro ya wilaya nzima. Maelfu ya wakulima walihamasishwa na dola, na bila dola utafiti wake ungebaki kabatini. Tena dola hiyo hiyo iliweza kubomoa: katika Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia mwaka 1966, vyuo vikuu vilisimamisha mitihani ya kuingia kwa miaka zaidi ya kumi, na walimu wengi waliaibishwa hadharani. Lakini tuangalie mfuatano wa mambo. Mnyoo wa panya aligunduliwa wakati China ilikuwa maskini, imegawanyika na iko mlangoni mwa vita. Fedha zilikuza kazi iliyokwisha kuanza, na iliyoianzisha ni tabia ya kukitazama kwa makini kile kilichopo karibu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa saratani. Watu wa Guangdong wamepatwa kwa muda mrefu na saratani ya sehemu ya nyuma ya pua, inapokutana na koo, kwa kiwango kisichoonekana sehemu nyingi za dunia, hata ikaitwa uvimbe wa Canton. Mwaka 1964 ilifunguliwa Guangzhou hospitali ya saratani, ambayo leo ni kituo cha saratani cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Mwaka huo huo, mjini London, Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi kipya walichokiona katika chembe za uvimbe wa watoto wa Uganda. Uvimbe huo wa taya uliandikwa kwanza na mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Kabla muongo ule haujaisha, damu ya wagonjwa wa uvimbe wa Canton ilionyesha kwamba wao pia wana alama za kirusi hicho hicho. Wodi mbili zilizotenganishwa na bahari nzima ya Hindi, Mulago na Guangzhou, zilikuwa zinasoma kitabu kimoja kutoka pande mbili. Guangzhou iliendelea kukisoma. Mwaka 2019 madaktari wake walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 480: kati ya waliotangulizwa dawa mbili, gemcitabine na cisplatin, kabla ya tiba ya kawaida ya mionzi na dawa, asilimia 85.3 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 76.5 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake. Tofauti hiyo ni baba na mama waliobaki majumbani mwao.

Limebaki pingamizi la mwisho, linalotoka kwa wagonjwa wenyewe: kwamba utafiti huwaondoa madaktari wodini, foleni ikarefuka huku bingwa akiandika makala. Hatari hiyo ipo, na chuo kinachompandisha mwalimu cheo kwa makala tupu kinaikaribisha. Dawa yake ni kuhakikisha swali la mtafiti linatoka kwa mgonjwa na jibu linarudi kwake. Mwanzoni mwa mwaka 2003, homa mpya ya mapafu iliyokuja kuitwa SARS ilipoingia Guangzhou, hospitali za chuo hiki zilikuwa miongoni mwa zilizopokea wagonjwa wa mwanzo, na wahudumu wengi wakaambukizwa. Deng Lianxian, daktari wa Hospitali ya Tatu ya chuo, aliambukizwa akiwa kazini na akafariki mwezi Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 53. Walimu wa udaktari walikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa wakati ule, na wapo waliolipa kwa uhai wao.

Sisi tunayo mizizi inayofanana na hii. Muhimbili inahesabu chanzo chake kutoka hospitali ya Sewa Haji ya mwaka 1897, mafunzo ya udaktari yakaanza Dar es Salaam mwaka 1963, na chuo kikuu kamili kikazaliwa mwaka 2007. Mulago imekwisha kuifundisha dunia. Kinachohitajika sasa ni kuyaheshimu madaftari yetu: kuajiri na kuwalipa vizuri watunza kumbukumbu za wagonjwa, kumpa mwanafunzi wa udaktari muda wa kuyasoma, na kumpa mhadhiri ruzuku ya kujibu swali lililomo humo, kabla hajapewa ruzuku ya kujibu swali la watu wengine. Wanaopanga bajeti za vyuo vya tiba waanzie hapo. Hospitali ya mwaka 1835 bado ipo Guangzhou, kando ya mto ule ule, na inapokea wagonjwa mpaka leo.