Lango la ubongo na sambaza za Ziwa Kivu

Bugali na sambaza ni chakula cha kila siku Nyantende, nje kidogo ya Bukavu, kiasi kwamba mtu angedhani mababu walikula hivyo hivyo. Hawakula. Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache, na katika maji yake ya kati hapakuwa na aliyekula vijidudu vinavyoelea humo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji walileta vifaranga vya samaki wa aina mbili kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja ilipotea. Nyingine, Limnothrissa miodon, ikazaana, nayo ndiyo sambaza: samaki mdogo wa rangi ya fedha anayeliwa mzima, kichwa na tumbo. Huvuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, taa juu, wavu chini; mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu.

Mafuta yake yana DHA, asidi ya mafuta ya omega-3 ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji sana na hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Lakini ubongo haupokei kila mgeni. Mwaka 1885, Paul Ehrlich wa Ujerumani alidunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo karibu vyote vikaiva rangi, ubongo ukabaki mweupe. DHA basi hupitia wapi?

Jibu lilikuja mwaka 2014. Kundi la David Silver huko Singapore lilionyesha kuwa protini iitwayo Mfsd2a, iliyopachikwa kwenye utando wa seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo, ndiyo lango kuu la DHA. Haiipokei DHA ikiwa peke yake: lazima iwe imeshikana na lisofosfatidilkolini, aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu, na kazi yote hutegemea sodiamu. Panya waliozaliwa bila protini hiyo walikuwa na ubongo mdogo, wenye DHA chache mno. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa watoto wa familia kadhaa, wenye hitilafu katika jeni ya protini hiyo, walikuwa na vichwa vidogo na ulemavu mzito. Kwangu, hapo ndipo ugunduzi huu ulipoacha kuwa habari ya maabara tu.

Kwa walio wengi lango ni zima. Shida ni kinacholifikia. DHA huharibika upesi ikikutana na hewa na joto, kwa hiyo sambaza za kuanikwa juani hubaki na DHA pungufu kuliko mbichi. Na mama mjamzito anayeishi mlimani, mbali na ufuko na bila barafu, mara nyingi hupata hizo kavu.