Msimamizi wa mirathi siyo mwenye mali: Haya ndiyo anayotakiwa kufanya

Arobaini ikipita, maswali huanza kunong'onwa. Nyumba itakuwa ya nani? Kiwanja je? Familia nyingi za Tanzania Bara huteleza hapa, kwa kudhani aliyechaguliwa na kikao cha ukoo tayari ndiye bosi wa mali.

Siyo. Kikao kinapendekeza tu, anayeteua ni mahakama. Bila barua ya usimamizi (kwenye Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba 4), benki haitoi hela za marehemu wala hati ya kiwanja haibadilishwi jina. Na ile tabia ya kutoa pesa kwenye simu ya marehemu kwa sababu unajua namba yake ya siri, tena matanga hayajaanuliwa? Hizo nazo ni mali za mirathi.

Ukienda kufungua mirathi, beba cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha familia, majina ya warithi wote na orodha ya mali. Warithi wote maana yake wote, hata mtoto wa nje ambaye shangazi hataki kumsikia. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Mahakama ipi? Ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na iwe ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, siyo unakoishi wewe. Kama marehemu alikuwa Mkristo na maisha yake hayakufuata mila, nenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu.

Sheria inayotumika ndiyo inaamua nani anapata nini, na tofauti ni kubwa. Kwa Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kwa sheria ya zamani ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika kwa wengi wasiofuata mila wala Uislamu, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili.

Sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 ndizo ngumu zaidi kwa mjane: hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, anategemea kutunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia haki za wanawake ilisema Tanzania ilivunja haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao na familia za waume zao.

Ndiyo maana wosia ni muhimu, ila uwe na mashahidi. Kwa taratibu za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, na wosia wa mdomo vilevile. Anayerithi asiwe shahidi. Muislamu haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. RITA pia wanahifadhi wosia.

Turudi kwa msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, halafu kugawa kinachobaki. Kwenye Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne tangu ateuliwe kuwasilisha Fomu Namba 5, yenye mali na madeni yote, kisha hesabu za ugawaji kwenye Fomu Namba 6.

Mrithi ana haki ya kwenda mahakamani kuuliza kama fomu hizo zimeingia kwenye jalada. Kama miezi imepita na kaka mkubwa bado anakusanya kodi za wapangaji bila kuonyesha hesabu, andika barua ya malalamiko kwa mahakama ileile iliyomteua, ukitaja namba ya shauri la mirathi. Mahakama inaweza kumwita ajieleze, na inaweza kutengua uteuzi wake na kuteua mwingine.