Upande wa Pili wa Santuri

Muziki ulionilea mimi, mtoto wa Bondeni hapa Nakuru, ulitoka Morogoro. Watu wakizungumzia dansi la Tanzania hukimbilia Dar es Salaam, nami sikubaliani nao. Mji ule mdogo chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na kila tulichokuwa nacho sisi chini ya Menengai: reli, mashamba makubwa, mkonge kwao, ngano na pareto kwetu, na vibarua waliotaka kucheza mwisho wa mwezi. Juu ya hayo ulikuwa na bendi mbili zisizopikika chungu kimoja.

Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana aliyezipenda santuri za Kuba hadi akatoroka nyumbani ili aende huko, safari ikamkwamia Mombasa, akaanzisha kundi ambalo baadaye liliitwa Cuban Marimba. Mji ukagawanyika. Bendi moja ikitoa mtindo, nyingine hailali mpaka ijibu. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaiongoza bendi yake, na upande wa pili akaibuka Mbaraka Mwinshehe.

Msikilize Mbaraka anavyojenga wimbo. Kwanza kisa, bila haraka, saksafoni zikimwitikia. Kisha maneno yanakwisha. Besi inabaki palepale, gitaa la rizimu linakaza, na solo lake linashika noti chache tu, linazirudia, linazigeuza kidogo, linazirudia tena, mpaka chemko limekolea na huwezi kukaa kitini. Walimwita Soloist National, na jina lilimkaa.

Tatizo lilikuwa santuri yenyewe. Ile ndogo haikubeba zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili, na mkato uliangukia pale pale muziki unapoanza kupanda. Nyumbani kwetu kugeuza santuri ilikuwa kazi yangu, nikajifunza kuifanya upesi kabla miguu ya wachezaji haijapoa.

Mwaka 1972 kundi la Yes la Uingereza lilitoa Close to the Edge, wimbo mmoja wa dakika kama 18 uliojaza upande mzima wa santuri kubwa. Wapenzi wa roki bado wanausifu kwa urefu na mpangilio wake, na unastahili. Lakini ukumbini bendi zetu nazo zilirefusha wimbo kadiri wachezaji walivyotaka, solo likizaa solo, na hapakuwa na fundi mitambo wa kuwakatiza. Tunaowasifu leo tunawasifu kwa kile kilichoenea kwenye sahani tu.

Na sahani zilitengenezwa kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, Nairobi ilikuwa nacho. Ndiyo maana ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walivuka mpaka mwaka 1971 na kuunda bendi yao ya Simba Wanyika, na ndiyo maana Mbaraka, aliyekwisha kupiga Osaka kwenye maonyesho ya Expo ya 1970 na kuunda bendi ya Super Volcano mwaka 1973, alisikika Nakuru kama mwenyeji. Alifia Mombasa katika ajali ya barabarani, Januari 12, 1979, akiwa na miaka 34. Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa santuri zake ulioitwa Ukumbusho. Nilizinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na ninazo hadi leo.

Radio Tanzania Dar es Salaam pia ilizirekodi bendi hizi kwenye kanda, na kanda hizo ni urithi wa miji yote iliyocheza muziki ule, Nakuru ikiwemo. Zisafishwe, zihifadhiwe kidijitali na zifunguliwe kwa wasikilizaji, wakati bado kuna watu walio hai wanaoweza kututajia nani alipiga besi na nani alipuliza tarumbeta.